Msingi wa Ghorofa Moja

Nafula mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Makongeni kuwaaga wenzako wa kwaya, na mama yako yuko nje anaanua nguo zako za mwisho. Nimebaki na meza peke yangu. Kesho alfajiri tunakusindikiza uwanja wa ndege, na ninajijua: nikifika pale mdomo wangu utasema habari za pasipoti na begi, basi. Kwa hiyo naandika, na barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako dogo, uikute ukiwa umeshafika.

Habari ya kula vizuri, kuficha karatasi zako na kumpigia mama yako kila Jumapili, sikuandikii. Ameshakwambia yote, na yaliyobaki atakwambia kesho. Mimi nina swali moja tu la kujibu, lile uliloniuliza juzi tukila. Ulisema, "Baba, mtu anayeanza na ploti ndogo, vyumba sita au vinane vya kupangisha, anaanzia wapi?" Kisha ukaongeza, kwa ile sauti yako ya kutaka kunifurahisha, "Miaka miwili tu huko hotelini, halafu nirudi tujenge tena. Si ploti bado ipo?" Mama yako akakusogezea mboga. Mimi nikainuka kwenda kunawa mikono, na ugali ulikuwa bado kwenye sahani yangu.

Jibu langu ni refu, mayi. Nakuita hivyo, mama, kwa sababu ya jina la mama yangu ulilobeba, na leo nahitaji kukuita hivyo.

Nianze na yale niliyoyafanya vizuri, kwa kuwa ni machache. Ulikuwa mdogo tulipokuwa tukikaa nyumba za reli. Nilichomelea mabehewa miaka mingi, na miaka yote hiyo nilijua kwamba ile nyumba si yangu. Mtu alistaafu leo, kesho akaulizwa atahama lini. Nilimwona jirani yetu, fundi aliyenishinda kwa kazi, akitoa vitanda nje huku mvua inanyesha, na watoto wake wamejifunika turubai. Nikaapa kwamba mimi sitatolewa hivyo. Kiinua mgongo changu kilipotoka, mama yako alitaka turudi Bungoma tununue ng'ombe. Nikamwambia, "Ng'ombe hufa. Ukuta haufi." Alicheka. Siku hizi nikilikumbuka neno hilo nasikia aibu mpaka masikioni.

Tulinunua ploti Kayole. Hapo nilikuwa mwangalifu kweli. Nilimtafuta mpima ardhi, tukahakikisha vigingi, nikaenda mwenyewe kuuliza kama kuna mtu mwingine aliyeuziwa. Niliwauliza majirani wa kushoto na kulia majina ya aliyekuwa akiimiliki, nikalinganisha na karatasi. Watu walinicheka kwa kuuliza sana. Wewe uliza sana hata ukichekwa. Laiti ningeendelea kuuliza hivyo hivyo.

Fundi wangu wa kwanza aliitwa Mutiso. Ulimjua, yule mwembamba aliyekuwa akikuletea miwa. Alichimba msingi siku nyingi kuliko nilivyotaka, kwa sababu udongo wa kule ni mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Tukajenga vyumba vya chini, halafu ghorofa moja. Sisi tukakaa mbele, wapangaji nyuma na juu.

Nilidhani vyumba hujaa vyenyewe. Viwili vilikaa bure miezi mitatu. Nilipaka rangi, nikapaka tena, nikaandika kibao kikubwa zaidi. Mama yako ndiye aliyegundua. Alikaa mlangoni akasikiliza watu waliokuja kuona vyumba, akaniambia, "Hakuna aliyeuliza rangi. Wote wameuliza maji hutoka siku gani." Tukanunua tangi. Wiki ileile vyumba vikajaa. Kama unataka somo la mtu anayeanza, ndilo hilo: keti mlangoni usikilize watu wanauliza nini, kabla hujatumia hata senti kwa lile unalopenda wewe.

Ile miaka ya kwanza ilikuwa mizuri. Nasema hivyo ili usidhani nilianza nikiwa mtu mbaya. Bomba likipasuka, nilikuwa chini yake mwenyewe. Mpangaji akichelewa, mama yako alijua nani amefiwa na nani anacheza kamari. Tulikula, ukasoma, hatukuwa na deni la mtu.

Halafu ng'ambo ya barabara mtu akajenga ghorofa tano.

Nilikuwa nikinywa chai kwenye kile kibanda cha kona kila asubuhi, na wazee wenzangu wakaanza mzaha. "Mzee wa reli, nyumba yako mbona imechuchumaa?" Wakacheka, nami nikacheka. Kesho yake wakarudia. Mmoja akasema, "Ardhi umenunua mara moja, Wanjala. Juu ni bure." Juu ni bure! Nilirudi nyumbani na neno hilo kama mtu aliyeokota dhahabu. Nilipanda juu ya paa la ghorofa yetu, nikatazama hewa iliyokuwa juu yangu, nikaihesabu vyumba.

Mama yako alisema vyumba tulivyo navyo vinatutosha. Nikamwambia haelewi biashara.

Nilimwita Mutiso. Nilimwambia nataka ghorofa mbili zaidi. Hakukaa hata chini. Alisema, "Mzee, msingi huu niliuchimba mimi. Najua nilichozika humo. Nilizika chuma cha ghorofa moja."

"Tutaongeza nguzo," nikamwambia.

"Nguzo itasimama juu ya nini?"

Nikamwambia kama anaogopa kazi aseme. Akatia mwiko na pimamaji kwenye gunia lake, taratibu, akasema, "Sina hasira na wewe. Lakini tafuta mtu asiyejua kilichozikwa."

Nami, Nafula, nilifanya hivyo hasa. Nilimtafuta mtu asiyejua.

Wewe siku zote umeambiwa kwamba Jemo, yule fundi wa pili, alituharibia nyumba. Umeambiwa na mimi. Uliwahi hata kumtukana mbele yangu, nikanyamaza. Sasa sikiliza. Jemo alipokuja siku ya kwanza alizunguka nyumba yote, akapiga ukuta na kiganja, akaniuliza, "Mzae, huu msingi ulichimbwa wa floor ngapi?"

Nilimwambia nne, chini ikihesabiwa.

"Nani alisema?"

"Aliyechimba. Alisema nne bila wasiwasi."

Akanitazama kidogo. Kijana alikuwa na heshima. "Sawa mzae, wewe ndio unajua. Nakuamini."

Hilo ndilo jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Si mama yako, si mchungaji, si polisi.

Tulijenga. Benki ilinikopesha kwa kuweka ploti dhamana, na pesa zilipopungua nikachukua diposi za wapangaji zote, zile wanazoweka wakiingia ili warudishiwe wakitoka, nikanunulia vyuma. Nilijiambia nitazirudisha kabla mtu hajahama. Diposi si pesa yako, mayi. Imelala kwako tu. Mtu akikuachia mtoto wake umshikie, humtumi kazi.

Vyumba vilijaa. Kwenye kibanda waliacha mzaha. Misimu miwili ya mvua ikapita, nikasahau kabisa kwamba nilimdanganya mtu.

Kisha Mama Akoth akaja kunibishia hodi. Alikaa chumba cha nyuma kabisa, chini, peke yake, na alikuwa akifanya zamu za usiku katika kiwanda kimoja cha plastiki huko Industrial Area. Alisema, "Baba Nafula, mlango wangu unagoma kufunga." Nikamtuma seremala akaranda ubavu wa mlango. Baada ya wiki chache akarudi: mlango unagoma tena. Seremala akaranda tena. Nilimnung'unikia mama yako kwamba yule mwanamke ana maneno mengi.

Mara ya tatu alinikuta nikiwa na wageni, wale wazee wa kibanda, niliokuwa nimewaalika waone ghorofa zangu. Akasema mbele yao, "Mlango umerandwa mpaka umekuwa kama wa mtoto, na bado haufungi. Mimi nadhani si mlango. Nadhani ni nyumba."

Niliona aibu mbele ya wageni. Nikamwambia, "Mama Akoth, kama nyumba haikufai, mlango uko wazi."

Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyechoka. "Baba Nafula, hata huo kufunguka ni kazi." Akaenda zake kulala.

Ndiyo maana nasema, ukiwa na nyumba ya watu, mpangaji akikwambia kitu kidogo, mlango, bomba, mstari kwenye plasta, usimsikie yeye. Sikia nyumba. Haina mdomo mwingine isipokuwa wa mtu anayelala ndani yake. Mimi nilikuwa na mtu aliyenitafsiria mara tatu bila malipo, tena yeye ndiye aliyekuwa akinilipa.

Jumapili ile unaikumbuka. Ulikuwa Makongeni na kwaya, sisi tulikuwa kanisani hapa Kayole. Mvua ilikuwa imepiga siku tatu. Tuliposikia kishindo mchungaji aliendelea kuhubiri, kwa sababu mji huu una vishindo vingi. Halafu mtu akaingia mbio akaita jina langu.

Upande wa nyuma ulikuwa umeketi. Siwezi kulitafutia neno lingine, uliketi, kama mtu mzima anavyoketi chini ghafla. Vyumba vya juu vilikuwa vitupu kwa ajili ya ibada, Mungu aliwahurumia wale. Wa chini walitoka, waliokuwa macho. Mama Akoth alikuwa ametoka zamu, amelala. Vijana wa mtaa walichimba kwa mikono, na mimi nilichimba nao kwa suti yangu ya kanisani. Wewe ulifika wakiwa wameshamtoa, na uliambiwa alikutwa nyuma ya mlango.

Hukuambiwa kwa nini. Alisikia nyumba ikilia, akaamka, akafika mlangoni. Alikuwa na wakati. Jirani aliyekuwa nje alimsikia akiuvuta. Aliuvuta na kuuvuta, na haukufunguka.

Hakufa. Watu husema hivyo kunipoza moyo, "Angalau hakufa." Miguu yake haitambui kitu. Anakaa kwa dada yake Mukuru kwa Reuben, katika chumba ambacho kiti chake cha magurudumu hakigeuki. Nilienda kumwona mara moja, miezi minne baadaye, nikiwa nimebeba unga na mafuta. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba msamaha njia nzima. Sikuyasema. Aliniona mlangoni akaniuliza, "Umeniletea diposi yangu?"

Nikasema bado.

"Nilikwambia mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Basi ukija tena, njoo na diposi yangu. Unga tunao."

Sijarudi. Nilifikiri kukuomba wewe, ukipata mshahara wa kwanza, umtumie. Nilishika kalamu nikaanza kuandika hivyo, nikaacha. Hilo ni langu. Usilibebe. Nikikuachia kitu kimoja tu katika maisha, kiwe ni kwamba madeni ya baba yako hayakukufuata huko uliko.

Na hapa nifike kwenye ploti. Ulisema bado ipo. Haipo, mwanangu. Jiji lilipobomoa kilichobaki, benki ilisubiri kidogo, ikaniandikia, ikaandika tena, halafu ikapiga mnada. Aliyenunua ameshazungusha mabati. Sikuwaambia wewe na mama yako. Mlikuwa mkipanga safari, mkisema Nafula akirudi tutaanza na vyumba vinane tu, tutaweka tangi mapema, na uso wa mama yako ulikuwa umeanza kurudi kuwa uso wake. Nikaona niache. Nilijiambia ni huruma. Ni uoga uleule ulionifanya niseme "nne".

Kwa hiyo unaenda kufanya kazi miaka miwili kwa ajili ya ardhi ambayo si yetu. Ningekwambia usiende, lakini ubaki ufanye nini? Umetafuta kazi hapa mpaka viatu vikaisha. Tunakaa watatu katika chumba kimoja cha kupanga, na mimi niliyekuwa landilodi nampelekea kodi kijana anayeniita mzee kwa heshima huku akiangalia simu yake. Sina mpango mwingine wa kukupa. Nimekaa hapa nikiutafuta tangu umetoka, na sijauona.

Ukija kununua ploti yako mwenyewe siku moja, na sikukatazi, usinunue kwa ajili ya kunirudishia kitu. Nyumba iliyojengwa ili kumziba mtu mdomo au kumfuta mtu machozi huwa ndefu kuliko msingi wake. Jenga kile udongo unachokubali. Fundi akikukatalia kazi, mwandalie chai, mkalishe, muulize sababu zote mpaka azimalize, kwa sababu huyo ndiye pekee asiyetaka pesa yako siku hiyo. Mutiso nilimwacha atoke na gunia lake bila hata kumsindikiza hadi langoni.

Limebaki la Jemo.

Alikamatwa wiki ileile nyumba ilipoanguka. Polisi waliniuliza nani aliyesema msingi unabeba ghorofa zote hizo, nikaandika kwa mkono wangu huu kwamba fundi alinihakikishia. Jemo alisema ni mimi niliyemwambia. Nani angemwamini? Mimi ni mzee wa kanisa, nina mvi, nilikutwa kwenye kifusi na suti imechanika. Yeye hakuwa na karatasi wala cheti. Dhamana iliwashinda watu wake. Yuko rumande mpaka leo, kesi inaahirishwa na kuahirishwa. Nyumbani kwake nimepeleka unga mara kadhaa, na mke wake hunishukuru. Hunishika mkono kwa mikono yake miwili, Nafula, ananiambia, "Mungu akubariki mzee, wengine wametukimbia." Mtoto wao alianza kutembea baba akiwa ndani.

Ramani ambayo Mutiso alichora, yenye kuonyesha chini na ghorofa moja, na mistari ya chuma, na sahihi yangu chini yake, sikuichoma. Mara mbili niliwasha kiberiti. Iko ndani ya bahasha kwenye sanduku langu la vifaa vya reli. Alhamisi nitaipeleka kituoni na kuandika maelezo mapya. Nimechagua Alhamisi kwa sababu utakuwa umeshafika na kuanza kazi, na mkataba hautakuruhusu kurudi. Ungekuwa hapa ungenizuia, au ungenisindikiza, na yote mawili nisingeyaweza.

Sijidanganyi kwamba hili litatengeneza kitu. Jemo hatarudishiwa miezi yake. Mama Akoth hatasimama. Pengine watanifungia, na kwa umri wangu sijui kama nitatoka. Ninaenda kwa sababu nimechoka kushukuriwa na mke wa Jemo.

Usitafute wakili. Usitume pesa. Usimwombe tajiri wako ruhusa ya kuja, maana atakunyima na utaumia mara mbili.

Mama yako nitamwambia Jumatano tukiwa tumemaliza kula. Alhamisi simu yangu nitamwachia yeye. Mpigie jioni hiyo, hata kama umechoka. Huenda akanilaani, na ana haki. Usinitetee. Akilia, usimwambie anyamaze. Kaa naye tu kwenye simu mpaka salio liishe.

Baba yako,
Wanjala